Kibodi Haijui Kuandika: Yanayotokea Unapoiunganisha na Tableti

Chukua kibodi uliyoiunganisha na tableti, kisha andika neno "ng'ombe". Wengi wataliona limetoka kama lilivyo. Wapo watakaobonyeza n, g, ritifaa, halafu o, na kwenye skrini watakuta "ngómbe": ritifaa imetoweka, na o imevishwa kikwaju kichwani ambacho hakuna aliyekiomba. Ukifuta na kurudia, mambo ni yale yale. Hapo ndipo kibodi nzima inapohukumiwa kuwa mbovu, inarudishwa kwenye boksi lake na kupelekwa ilikonunuliwa.

Kibodi haikukosea hata kidogo. Haikutuma "ó". Haikutuma "o" pia. Kibodi haijui kuandika.

Nikisema hivyo watu hudhani natania. Lakini ukilishika hili moja, vurugu nyingi za kibodi na tableti zinaanza kufumuka zenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Kibodi inachokijua ni mahali. Kila kitufe kina namba yake, na namba hizo zimepangwa na kanuni iitwayo HID, iliyotungwa miaka ya 1990 kwa ajili ya USB na baadaye kuazimwa na Bluetooth. Kwenye orodha hiyo, kitufe kinachokaa pale ilipo A katika kibodi ya Kimarekani ni namba 4, B ni 5, na kuendelea mpaka Z ambayo ni 29. Enter ni 40. Ritifaa ni 52. Ukibonyeza kitufe, kinaondoka kifurushi kidogo ambacho katika umbo lake la msingi kina baiti 8 tu: ya kwanza inaeleza kama Shift, Ctrl, Alt au wenzao wameshikiliwa, ya pili imeachwa bila kazi, na sita zilizobaki zinataja vitufe vilivyo chini ya vidole kwa wakati huo. Ukiachia kitufe, kinaondoka kifurushi kingine kisicho na namba ile. Basi. A kubwa na a ndogo zote ni 4. Tofauti iko kwenye baiti ya kwanza. Hata ile tabia ya herufi kujirudia unaposhikilia kitufe si kazi ya kibodi. Ni tableti inayoona kwamba 4 haijaachiwa, ikaanza kuimimina yenyewe.

Kwa hiyo ng'ombe wetu anasafiri akiwa 17, 10, 52, 18, 16, 5, 8. Anafika upande wa pili, na tableti inafungua jedwali la kugeuza namba kuwa herufi. Jedwali hilo ndilo mpangilio wa kibodi. Katika mpangilio wa kawaida wa Marekani, 52 ni ritifaa, hakuna zaidi. Katika mpangilio wa Marekani ule wa kimataifa, 52 ni kitufe kinachovizia: hakichapi kitu mpaka kione kinachokuja nyuma yake, na kikikuta irabu kinaipandishia kikwaju, maana kiliwekwa kwa ajili ya wanaoandika Kihispania, Kireno na lugha nyingine zenye alama juu ya irabu. Bahati mbaya kwetu, ng' ya Kiswahili karibu kila mara hufuatwa na irabu. Ng'ambo inakuwa ngámbo, ng'oa inakuwa ngóa. Njia ya mkato ni kubonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uendelee na irabu; nafasi haitachapwa, ritifaa itatoka. Njia ya kudumu ni kuchagua jedwali jingine kwenye mipangilio, na huko tutafika.

Kuna faida kubwa iliyojificha humu. Kwa kuwa kinachosafiri ni namba zilizokubaliwa na wote, hakuna programu ya kusakinisha. Kibodi ya kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka kumi na mitano inaweza kuzungumza na tableti ya mwaka huu bila kutambulishwa. Kinachosumbua ni kufikisha namba hizo, na jinsi zinavyosomwa zikishafika. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kosa la kawaida ni kutafuta dawa ya moja kwenye lingine.

Waya: nani mwenyeji, nani mgeni

USB haina usawa. Upande mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni, na mgeni hasemi mpaka aulizwe. Kila baada ya milisekunde chache mwenyeji anauliza, "Una lolote?", na kibodi inajibu. Kibodi daima ni mgeni. Tatizo ni kwamba tableti nayo, kama simu, ilizoea ugeni: unaichomeka kwenye kompyuta kupakua picha, kompyuta ndiyo mwenyeji. Ukikutanisha wageni wawili, wote wanakaa kimya wakisubiri kuulizwa, na unaweza kuwaacha hivyo mpaka asubuhi.

Ili tableti iweze kugeuka mwenyeji, mwaka 2001 USB iliongezewa utaratibu uitwao On-The-Go, ambao wengi tunaujua kwa herufi zake tatu, OTG. Katika tundu dogo la zamani, micro-USB, kulikuwa na pini ya tano ambayo kebo ya kawaida huiacha bila kuunganishwa na kitu. Adapta ya OTG imeifunga pini hiyo kwenye waya wa ardhi. Tableti ikihisi hivyo inajua: leo mimi ndiye mwenye nyumba. Kwa nje, adapta hiyo inafanana na nyingine yoyote yenye plagi na tundu la aina hiyo, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na droo nzima ya adapta na asipate hata moja inayofanya kazi. Upande wa programu, Android ilipata uwezo rasmi wa kuwa mwenyeji wa USB kuanzia toleo la 3.1, mwaka 2011, ingawa si kila mtengenezaji wa tableti za bei ya chini aliuwezesha.

Kwenye tundu la Type-C, lililokuja mwaka 2014, mchezo ni ule ule ila kwa rezista, yaani kijenzi kidogo kinachobana mkondo wa umeme: mgeni anajitambulisha kwa rezista ya kilo-ohm 5.1 iliyofungwa kwenye pini maalumu. Kibodi yenye plagi ya Type-C inayo ndani yake. Kibodi yenye plagi ile pana ya zamani inahitaji adapta ya kuipeleka Type-C, na adapta ikiwa nzuri, rezista hiyo imo ndani ya adapta. Nimesema ikiwa nzuri. Zipo zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, zenye waya mbili za umeme na hakuna za data, na kwa macho hutazitambua. Ukiwa na flashi, ichomeke kupitia adapta hiyo hiyo: flashi ikisomwa, adapta haina lawama.

Kuna methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye USB ni kinyume: mgeni anakuja kula. Umeme wote wa kibodi yenye waya unatoka kwenye betri ya tableti. Kwa kanuni ya USB 2.0, mgeni anaanza na ruhusa ya miliampia 100 na anaweza kuomba mpaka 500. Kibodi ya kawaida ya ofisini inatosheka na kidogo. Kibodi ya wacheza gemu iliyojaa taa za rangi chini ya kila kitufe ni mlaji wa aina nyingine, na tableti ina haki ya kumkatalia. iPad hutoa ujumbe kabisa kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi kuliko inavyoweza kutoa. Dawa ni kuzima taa hizo kama kibodi inaruhusu, au kupitisha kibodi kwenye habu, kile kifaa kinachogeuza tundu moja kuwa kadhaa, yenye chaja yake yenyewe. Habu ya Type-C yenye tundu la kupokelea chaja inatatua na shida ya pili, yaani kwamba tundu la tableti ni moja na ukishalipa kibodi, chaja haina pa kuingia.

Kuhusu iPad niongeze mawili. Zile zenye tundu la Lightning, lililoanza mwaka 2012, hazipokei plagi ya USB moja kwa moja. Zinahitaji ile adapta iliyouzwa kwa jina la adapta ya kamera, ambayo huwapokea wageni wengi kuliko jina lake linavyodokeza, kibodi wakiwemo. Kuanzia iPad Pro ya 2018, Type-C ilichukua nafasi na aina nyingine zikafuata polepole. La pili huwachanganya hata wajuzi: tangu mwaka 2018 iPad iliyokaa imefungwa kwa zaidi ya saa moja inaweza kukataa kifaa cha USB mpaka uifungue. Unachomeka kibodi ili uandike namba ya siri, kibodi haifanyi kitu, unadhani imekufa. Fungua kwa kidole au uso kwanza, kisha uchomeke.

Bluetooth, na zile tarakimu sita

Kuoanisha kibodi kwa Bluetooth kunaanza vizuri: unaiweka kibodi katika hali ya kutafutwa, kwa kawaida kwa kushikilia kitufe chenye alama ya Bluetooth mpaka taa iwakewake haraka, unafungua orodha ya Bluetooth kwenye tableti, jina linatokea, unaligusa. Ndipo tableti inapoonyesha tarakimu sita na kukaa kimya. Watu wengi wanaganda hapo. Wanatafuta kisanduku cha kuandikia kwenye skrini, hakipo. Wanasubiri kibodi iulize kitu, haina skrini ya kuuliza.

Tarakimu hizo zinaandikwa kwenye kibodi yenyewe, bila kuona chochote zaidi ya vidole vyako, na kumaliziwa na Enter. Ukisahau Enter, au ukichukua muda mrefu ukijiuliza, tableti inakata tamaa na kusema imeshindikana. Sababu ya zoezi hili ni usalama. Kitu chochote chenye redio kinaweza kujitangaza hewani kwa jina la kibodi yako na kukaa katikati, kikisoma kila unachoandika. Lakini tarakimu zilizo kwenye skrini anaziona aliyekaa mbele yake tu, na anayeweza kuzibonyeza ni mwenye kibodi mkononi. Zikilingana, pande zote mbili zinatengeneza ufunguo wa siri na kuuhifadhi, na kuanzia hapo namba za vitufe zinasafiri zikiwa zimefichwa. Niliposema kibodi haijui kuandika, nilificha jambo moja: katika sekunde hizi chache inasoma tarakimu unazobonyeza. Baada ya hapo inarudi kwenye ujinga wake.

Ufunguo umehifadhiwa pande mbili, na humo ndimo inamozaliwa hitilafu sugu kuliko zote. Ukiifuta kibodi kwenye orodha ya tableti, umefuta nusu. Kibodi bado inaukumbuka ufunguo wa zamani, na inaweza kung'ang'ania kuutafuta badala ya kukubali mpya. Kinyume chake pia hutokea: kibodi imeoanishwa na kifaa kingine, ufunguo wa tableti yako umeandikiwa juu, lakini tableti inaendelea kuionyesha kwenye orodha kana kwamba hakuna kilichobadilika, na kila ukiigusa inakataa. Katika hali zote mbili usibishane. Ifute kwenye tableti, irudishe kibodi kwenye hali ya kutafutwa, anza upya kama watu wasiojuana.

Kibodi zenye nafasi za vifaa viwili au vitatu, zinazobadilishwa kwa vitufe vilivyoandikwa 1, 2, 3, zimepunguza shida hiyo na kuleta yake. Yangu ni ya aina hiyo. Siku moja, katikati ya kikao, tableti iligoma kunipa kibodi ya skrini. Nagusa sehemu ya kuandika, kishale kinawaka, kibodi haipandi. Nikaizima na kuiwasha mara mbili, aliyeketi kando yangu akanionea huruma na kunipa kalamu. Kumbe kibodi ilikuwa ndani ya begi miguuni mwangu, imebanwa na kitabu, imewaka, imejiunganisha. Tableti ilikuwa inafanya inavyopaswa: ikiona kibodi halisi ipo, inaficha ya skrini ili isikulie nusu ya nafasi. Tangu siku hiyo naizima kwa swichi kabla ya kuitia begini. Wenye kutumia kisoma-msimbo cha dukani, kile kinachosoma mistari myeusi kwenye bidhaa, na tableti wanakutana na kioja hicho hicho, kwa sababu kisoma-msimbo nacho hujitambulisha kama kibodi. Kila unachokisoma ni tarakimu "zilizobonyezwa" haraka sana.

Mengine ya Bluetooth ni madogo. Kibodi hulala ikiachwa ili kuokoa betri, na kitufe cha kwanza cha kuiamsha mara nyingi kinapotea. Bonyeza Shift kwanza kuliko kupoteza herufi. Umbali wa kuaminika ni kama mita 10. Redio yake iko kwenye gigahetsi 2.4, mtaa mmoja na Wi-Fi nyingi, na flashi au diski ya USB 3 iliyochomekwa karibu inaweza kumwaga kelele huko huko, kwa hiyo kibodi ikianza kuruka herufi ghafla, angalia umechomeka nini.

Sasa, kile kipokezi kidogo cha USB kinachokuja na kibodi nyingi "zisizo na waya" si Bluetooth. Hili lisemwe kwa sauti, maana maboksi hayalisemi. Kinatumia masafa yale yale ya 2.4 lakini lugha yake binafsi, na kibodi hiyo haitaonekana kwenye orodha ya Bluetooth hata ukeshe. Kwa tableti, kipokezi ni mgeni wa USB kama wageni wengine, na yote niliyoyasema kuhusu OTG na adapta yanamhusu. Mwaka 2016 watafiti wa usalama walionyesha kwamba baadhi ya vipokezi vya namna hii vilikubali vitufe vya bandia kutoka kwa mtu aliye nje ya chumba. Kwa tableti ya kuandikia nyaraka za watu, mimi huchagua Bluetooth.

Ipo na njia ya tatu, vile vidoti vya chuma mgongoni au ubavuni mwa tableti, ambavyo kibodi yake maalumu huvishika kwa sumaku. iPad Pro ya kwanza, mwaka 2015, ilikuwa na vitatu: umeme, data, ardhi. Hakuna kuoanisha wala kuchaji. Ubaya wake ni kwamba kibodi hiyo imeolewa na tableti za aina ile tu.

Namba zimefika, nani anazisoma?

Unapounganisha kibodi na tableti ya Android kwa mara ya kwanza, juu ya skrini hushuka taarifa ndogo inayokuambia uguse ili uchague lugha na mpangilio. Karibu kila mtu huifuta kwa kidole kama anavyofuta matangazo. Taarifa hiyo ndiyo mlango wa jedwali nililolizungumzia mwanzoni. Ukiikosa, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya lugha na uingizaji, kisha kibodi halisi. Hapo hapo kuna swichi ya kuiacha kibodi ya skrini ionekane hata kibodi halisi ikiwepo, ambayo ingeniokoa kikaoni. Kwenye iPad, tafuta sehemu ya kibodi ndani ya mipangilio ya jumla. Kipengele cha kibodi halisi hakionekani kabisa mpaka kibodi iwe imeunganishwa wakati huo, jambo linalowafanya watu waapize kwamba hakipo. Humo pia ndimo unamozima masahihisho ya moja kwa moja, ambayo kwenye kibodi halisi yana swichi yake, tofauti na ya kibodi ya skrini. Kama "kuwa" yako inageuka neno la Kiingereza kila ukibonyeza nafasi, mwizi yuko hapo.

Kipimo cha haraka cha jedwali ni Shift na 2. Kibodi yako ikiwa imechorwa @ juu ya 2 na skrini ikatoa alama ya kunukuu, tableti inasoma kwa jedwali la Uingereza. Ikiwa ni kinyume, inasoma kwa la Marekani. Kitufe kimoja kinakupa jibu. Na hili si suala la urembo, kwa sababu ya nywila. Nywila yenye @ unaiandika kwa uhakika, skrini inaonyesha vidoti, unaambiwa si sahihi. Unairudia taratibu, si sahihi. Ya tatu, akaunti inafungwa. Umeandika nywila yenye alama ya kunukuu mara tatu bila kuiona. Kabla ya kuingiza nywila yoyote kwa kibodi mpya, iandike kwanza herufi kwa herufi mahali panapoonekana, au gusa lile jicho linalofunua vidoti.

Vitufe vya amri navyo vinafuata jedwali. Kitufe chenye nembo ya Windows kinasomwa na iPad kama Command. Kikishikilie kidogo na orodha ya njia za mkato za programu uliyomo itatokea. Kwenye Android, Alt na Tab hubadilisha programu kama kwenye kompyuta. Na tangu toleo la 13.4 la mfumo wa iPad, mwaka 2020, unaweza kukigeuza Caps Lock kuwa Esc, kwa wanaoikosa.

Nimalizie na Caps Lock hiyo hiyo, maana ina siri inayofaa kujulikana kabla hujairudisha kibodi yoyote. Kwenye kibodi ya USB yenye taa ya Caps Lock, taa hiyo haiwashwi na kitufe. Kibodi inatuma namba 57, tableti inaamua kwamba sasa ni herufi kubwa, kisha inairudishia kibodi amri: washa taa. Ni moja ya vitu vichache sana ambavyo tableti huiambia kibodi. Kwa hiyo bonyeza Caps Lock na uitazame. Taa ikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, namba zinafika na majibu yanarudi. Waya, adapta na umeme vyote viko sawa, nenda kwenye jedwali. Isipojibu hata kidogo, wala herufi hazitoki, usiguse mipangilio ya lugha. Anzia kwenye adapta.